Honi Tatu za Kumficha Mjomba

"Mjomba, kwa nini malori yakitoka unajificha?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la kwanza, umri ambao mtu huuliza lolote na jioni bado akapewa chakula. Mjomba alikuwa ameketi nyuma ya pazia lake la turubai, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha, shazia mdomoni. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia na maturubai, na mtu aliyeibana kwa meno hajibu maswali. Alinitazama, akaitoa. Nikajua jibu linakuja.

"Shika uzi huo," akasema. "Usiguse chini, utakula vumbi."

Nikashika uzi. Swali nikabaki nalo.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama yangu, na kazi yake ni kushona maturubai. Lori likibeba unga au sukari, kinachozuia mzigo usigeuke uji mvua ikinyesha ni turubai, na turubai likichanika, anayelifufua ni yeye. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa yadi ya malori, na dirisha lake linatazama lango. Nyumba yetu iko mgongoni mwa kibanda, karibu kiasi kwamba Mama akikaanga vitunguu, mizigo ya watu husafiri nchi nzima ikinukia jikoni kwetu.

Ungedhani fundi wa namna hiyo madereva wangembeba juujuu. Wanamheshimu, ndiyo. Ila hawakutaka kumwona. Hasa asubuhi. Hasa kabla hawajamwona mtu mwingine.

Walimwita Kisirani, yaani mtu anayetembea na bahati mbaya kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Jina alilipata kabla sijazaliwa, kwa kosa kubwa sana: alimsalimia mtu. Dereva mmoja alikuwa anatoka langoni alfajiri, Mjomba yuko dirishani, akamwambia, "Habari za asubuhi, safari njema." Kabla jua halijatua, lori lile lilikuwa limelala ubavu mtaroni, na dereva ametoka na mkono uliovunjika. Breki zilikuwa zimekwisha. Tairi zilikuwa na vipara. Mzigo ulikuwa wa malori mawili, na dereva hakuwa amelala tangu juzi yake. Lakini madereva ni watu wa uchunguzi wa kina. Walikaa, wakapima kila kitu, wakakipata chanzo: ile salamu.

Tangu siku hiyo ikawekwa sheria. Alfajiri, lori la kwanza likishawasha injini, dereva wake hupiga honi tatu. Maana yake: Kisirani, funga. Mjomba hushusha turubai dirishani, pazia alilolishona mwenyewe kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha hukaa nyuma yake mpaka lori la mwisho litoke. Hapo bawabu wa lango hugonga rimu kuukuu ya gari iliyoning'inizwa ukutani, ngaa! Maana yake: dunia iko salama, fundi anaweza sasa kuwa na uso.

Na akionwa kwa bahati mbaya? Dawa ilikuwepo. Dereva aliyemwona kwanza alizima injini, akapanda kwenye kile kitanda kilicho nyuma ya kiti chake, akajifunika shuka gubigubi, akafumba macho, halafu "akaamka" upya. Asubuhi ya kwanza imefutwa, imeanza ya pili. Msaidizi wake alisimama mlangoni tayari ametabasamu, ili awe sura ya kwanza ya asubuhi mpya. Niliwahi kumwona dereva akiamka mara tatu siku moja, kwa sababu upepo ulikuwa unacheza na pazia la Mjomba. Mimi siku nikichelewa shule nikaomba kuianza asubuhi upya, mwalimu ananipima homa.

Usifikiri kwamba huo ndio ulikuwa mkosi pekee. Safari pale yadini ilikuwa na katiba nzima. Dereva haulizwi anakwenda wapi, utamfunga njia. Kwake hapafagiwi mpaka awe mbali, usije ukamfagia na yeye. Ndani ya gari hapapigwi mluzi. Na gari likishavuka lango, hakuna kurudi kuchukua kilichosahauliwa, hata kiwe nini. Dereva mmoja, pande la mtu tulilomwita Tembo, aliwahi kusahau viatu. Akaendesha safari nzima na soksi, akashusha mzigo na soksi, akarudi na miguu imeumuka kama mikate.

"Heri malengelenge kuliko mkosi," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima, utadhani amerudi kutoka vitani.

Lakini nilikuja kugundua kwamba imani za yadi zina adabu zake: haziingii kamwe mahali penye gharama. Uso wa Mjomba ulikuwa nuksi. Maturubai yake, yaliyoshikwa kutwa na mikono ileile ya nuksi, hayakuwa na neno lolote. Fundi mwingine alikuwa mbali, na bei yake ilikuwa juu.

Basi maturubai ya Mjomba yalizunguka dunia, yeye akabaki dirishani. Hilo ndilo lililomuuma, ingawa hakulisema. Bibi, mama yao Mjomba na Mama, aliishi na dada yao mkubwa katika mji mmoja wa milimani. Barabara ya huko ilishawashinda wenye mabasi. Yaliyobaki kupanda ni malori, ama kwa ushujaa, ama kwa kukosa akili ya kukataa. Mama alikuwa akipanda kwenda kumsalimu Bibi, tena kwenye kiti cha mbele cha Tembo, na akipewa njugu njiani. Mjomba alipoomba nafasi, gari lilikuwa limejaa. Akiomba tena, limejaa tena. Miaka ikapita hivyo. Bibi akawa anamjua mwanawe kwa mishono tu. Malori yakishusha mzigo sokoni kule juu, alikuwa anapapasa pindo la turubai na kusema, "Huyu ni wangu. Bado anakaza uzi kama anamkomoa mtu."

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimeanza kunusanusa, Tembo alikuja kwenye kibanda asubuhi. Asubuhi, kwa hiyo alizungumza na pazia.

"Fundi, upo?"

"Niwe wapi kwingine?" pazia likajibu.

"Nimemwona mama yako kule juu. Amekuja mpaka kwenye gari, ameshikwa mkono. Anasema macho yanaondoka." Tembo akakohoa. "Anasema watu wote sasa anawaona vivuli. Anasema uende akuone, kabla macho hayajafunga mlango."

Nilikuwa ndani, nafunga vitabu vyangu vya shule. Nikaona shazia imesimama katikati ya turubai, nusu imeingia, nusu imetoka.

"Unapanda tena lini?" Mjomba akauliza.

"Kesho kutwa, Mungu akipenda."

"Nipeleke."

Kuku wa jirani alipita, tukamsikia anavyopita.

"Kile kiti cha mbele kimevunjika, ndugu yangu," Tembo akasema.

"Kimevunjika lini? Juzi si ulimpakia yule mama na kuku zake?"

"Hao ndio waliokivunja."

"Kuku?"

"Walikuwa wengi."

Siku hiyo Mjomba alimwuliza kila dereva aliyekuwa anapanda milimani, mmoja mmoja, mchana, wakati ambao kumwona ni halali. Sijawahi kuona watu waungwana kama wale. Hakuna aliyemwambia, "Wewe ni mkosi, sikuchukui." Mmoja alikuwa anampisha shemeji yake mgonjwa. Mwingine alikuwa na shemeji mzima, lakini mnene. Wa tatu alisema angefurahi mno, mno kabisa, isipokuwa siku hizi gari lake halipendi uzito wa upande wa kushoto.

Mjomba akarudi kibandani, akaosha mikono. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Alipigilia msumari nje ya dirisha, akaitundika shazia yake pale, mahali ambapo kila anayeingia na kutoka ataiona. Akaingia ndani, akalala chali, akatazama dari.

Kesho yake mvua ilifunguka kweli. Maturubai yenye matobo yakaanza kurundikana mlangoni kwake kama wagonjwa.

"Fundi, hili langu dogo tu, mishono mitatu."

"Nitashona nikirudi," Mjomba akajibu kutoka kitandani.

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Kwa mama yangu."

Kufika mchana, hakuna lori lililokuwa limetoka. Magunia ya unga yalikuwa yamejificha chini ya paa la bawabu, na wenye mizigo walikuwa wanapiga simu kwa sauti zinazosikika hata bila simu. Hapo ndipo madereva wakakumbuka kwamba utu ni jambo zuri. Wakaita kikao.

Kikao kilikaa kwa Mama wa chai, ambaye meza yake iko baina ya lango na kibanda cha Mjomba. Mwenyekiti alikuwa dereva mzee kuliko wote, aliyepewa cheo hicho kwa sababu yadi nzima ndiye mwenye kiti, kiti kizee cha lori alichokifunga miguu ya mbao. Wengine wakachuchumaa. Mama yangu alikuja na kanga kiunoni, dalili kwamba mtu ataambiwa kitu. Mimi nilikuwa nimetumwa chai, nikachelewa kurudi kwa bahati mbaya.

"Suala ni hili," Mwenyekiti akaanza, akajikohoza kama hakimu. "Mkosi wa Kisirani, ni wa kumwona, au ni wa kuwa naye?"

"Ni wa kumwona," mmoja akasema.

"Wa kumwona kwanza," mwingine akamrekebisha. "Tusimzulie mtu."

"Na asipoonekana kabisa?"

Wakafikiri. Ni watu waliokaa kwenye usukani miaka mingi, kufikiri wakiwa wamechuchumaa kuliwachosha magoti.

"Jamani," Mama wa chai akaingilia, akipuliza mkaa, "mbona mnamjadili mtu kama hayupo, na yuko hapo nyuma ya turubai anawasikia?"

"Nawasikia," turubai likasema.

"Akikaa mbele nitamwona tu," Tembo akalalamika. "Siwezi kuendesha gari nimefumba macho."

"Kwani siku zote unaendeshaje?" Mama wa chai akamwuliza.

Mwenyekiti akainua mkono watu wanyamaze. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Wazo lilikuwa limemtembelea. "Niambieni. Mzigo una mkosi?"

"Mzigo? Hapana."

"Kuna mtu amewahi kusikia gunia la unga limeleta nuksi?"

"Labda likuangukie."

"Basi. Kisirani atasafiri kama mzigo. Atapanda jioni, bahati ya siku ikiwa imeshatumika. Atakaa juu ya magunia, atafunikwa turubai, hatoki mpaka lori lifike. Hatutakuwa tumesafiri na Kisirani. Tutakuwa tumesafirisha."

Wakapiga makofi. Kwa kweli nami nilitamani kupiga. Nimesoma hesabu miaka yote hii na sijaona tatizo likitatuliwa kwa mzunguko mzuri kama ule.

Mama hakupiga. "Kaka yangu ni gunia?"

"Si gunia, dada. Ni mzigo."

"Tofauti yake nini?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Gunia linatupwa. Mzigo unashushwa."

Kabla Mama hajafungua kinywa, pindo la pazia likainuka kidogo, mkono wa Mjomba ukatoka peke yake, ukapapasa ukuta, ukaichukua shazia kwenye msumari.

"Leteni la Tembo kwanza," sauti yake ikasema. "Nilishone kabla sijafunikwa nalo."

Jioni ile alipanda juu ya magunia ya unga akiwa na blanketi, chupa ya maji, na mkate alioufunga Mama. Alikuwa amevaa koti lake jeusi, lile la shughuli. Akalala juu ya mzigo, wasaidizi wakavuta turubai, wakakaza kamba. Alfajiri Tembo alipowasha injini akapiga honi tatu kwa mazoea, ili Kisirani ajifiche. Kisirani hakuwahi kujificha vizuri kama siku ile. Dirishani kwake hapakuwa na mtu wa kushusha pazia, na madereva wakawa wanapita wamegeuza shingo upande wa pili, wakikikimbia kibanda kitupu.

Ya njiani nimeyapata kwa watu wawili. Tembo alinisimulia kwa mikono na miguu. Mjomba alinipa maneno manane au tisa, nikayaunga.

Tembo alikuwa na hakika kwamba amebeba kifo chake mwenyewe. Kwa hiyo alifanya mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiyafanya. Alipima breki. Alijaza tairi upepo. Usiku wa kuamkia safari alilala, tena alilala kitandani, badala ya kulalia usukani. Kwenye kona alipunguza mwendo, kwenye mteremko alipunguza tena, na palipoandikwa taratibu akaenda taratibu, mpaka baiskeli moja ikampita na mwenye baiskeli akamwonea huruma. Mchana usingizi ulipomjia, alisimama pembeni akalala.

"Ungefanya nini?" aliniambia. "Mkosi uko mgongoni, mwanangu. Lazima uwe mwangalifu."

Wakafika bila pancha, bila kukwama, bila faini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tembo alikuwa ameendesha kama mtu anayetaka kufika.

Na Mjomba kule nyuma? "Joto," alisema. "Na unga." Baada ya muda mrefu akaongeza kwamba jua lilipopanda, kila tundu la shazia alilowahi kulitoboa katika turubai lile lilikuwa na nuru yake. Hakuwahi kuiona kazi yake kwa upande wa ndani. "Mengine nimeyatoboa makubwa mno," akasema. Hayo ndiyo maelezo yake yote kuhusu safari ya kwanza baada ya miaka yote ile.

Lori liliingia sokoni kule juu asubuhi ya pili. Bibi alikuwa amesimama pale, dada yao amemshika mkono, kwa sababu alikuwa ameahidiwa mtu na hakutaka kumsubiri nyumbani. Kamba zikafunguliwa, turubai likavutwa, na juu ya mzigo akainuka mtu mweupe pepepe. Nywele nyeupe, kope nyeupe, koti jeusi limekuwa jeupe. Mwuza nyanya mmoja alipiga ukelele akaacha nyanya. Tembo mwenyewe, aliyeshinda siku nzima akimwogopa, alirudi nyuma hatua kadhaa, akajigonga kwenye kioo cha gari.

Ni Bibi peke yake ambaye hakushtuka. Alinyoosha kidole juu.

"Yule nani? Yule mweupe?"

"Ni mimi, mama," Mjomba akasema.

"Mbona nakuona?" Bibi akamgeukia dada yao, akawageukia watu wa soko, wote vivuli tu machoni pake, vivuli vinavyosukumana. Akarudi kwa yule aliyekuwa juu ya lori, jua limempiga. "Nyie wengine siwaoni. Huyu namwona. Namwona mpaka sikio lake lile lililopinda."

Mjomba akaanza kushuka, huku akijipangusa unga, maana ndivyo mtu anavyofanya akienda kumkumbatia mama yake.

"We! Usijipanguse!" Bibi akamkaripia. "Nani amekwambia ujipanguse? Kaa hivyohivyo."

Akakaa hivyohivyo. Alikunywa chai na unga, akala na unga, majirani wakaja kumsalimia mtu mwenye unga, na hakuruhusiwa kuoga mpaka giza lilipoingia na kuoga kukawa hakuna hasara. Tangu hapo walijua la kufanya. Kila asubuhi aliyokaa kule, kabla Bibi hajazungumza na mtu yeyote, Mjomba alivaa shati jeupe, akasimama mlangoni jua linapoingilia. Bibi alikaa kitako kitandani na kumtazama bila haraka, kama mtu anayekunywa uji.

"Nianze na wewe," alikuwa akisema, "siku yangu inyooke."

Aliyezoea kufungiwa pazia hakujua mikono yake aiweke wapi. Dada yao anasema siku ya kwanza aliiweka mfukoni, siku ya pili kiunoni, siku ya tatu akaiacha ining'inie tu.

Tembo alipokuja kushusha mzigo mwingine na kumchukua, Bibi alikuwa mlangoni na kifurushi chake.

"Nikibaki huku nitaanza siku na nani?" akawauliza. Akapakiwa mbele, kwenye kile kiti kilichovunjwa na kuku, ambacho kilikuwa kimepona ghafla. Mjomba alitaka kukaa karibu naye, nafasi ilikuwepo. Tembo akakataa katakata. Safari ya kwenda ilikuwa imekubali, na kilichokubali hakibadilishwi. Mjomba akafunikwa turubai.

Wamekwenda kidogo, Bibi akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

"Nyuma, bibi. Kwenye mzigo."

"Kwa nini?"

Tembo akaeleza. Alieleza vizuri, kwa upole, kuanzia ile salamu. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe," akasema, "sauti yote hiyo, na mwili naambiwa ni kama kabati, unamwogopa mtoto niliyekuwa namwogesha kwenye karai?"

"Siyo kumwogopa, bibi..."

"Tazama mbele. Nasikia kona."

Walirudi salama, na yadi ikakaa kikao kingine. Ukweli ulikuwa umelala mezani, mtupu kama samaki: Tembo alipima breki, alilala, alikwenda polepole, akafika. Nilimwona Mama wa chai akiusogeza ukweli huo mbele yao kwa kidole. Wakautazama. Kisha Mwenyekiti akatoa hukumu: mkosi haumpati mtu ambaye tayari ameubeba. Kwa hiyo Kisirani hakuwa kisirani hata kidogo. Alikuwa kinga. Wamekuwa wakimficha miaka yote, kumbe ndiye wa kutazamwa kwanza!

Jina lake likabadilishwa kuwa Bwana Heri, hakuulizwa. Honi ni zilezile tatu, ila maana yake sasa ni: jitokeze. Na sheria ikawa kali kuliko ya mwanzo, kwa sababu ukimwona mtu mwingine kabla ya Bwana Heri umeharibu asubuhi. Basi alfajiri madereva huja dirishani kwake wamejifunika macho kwa viganja, wasaidizi wao wamewashika mikono kama maharusi. Hujikwaa, hugongana vipaji vya uso, huombana radhi bila kuonana. Aliyefumbua jicho mapema akamwona bawabu hurudi kulala aamke upya. Malori yanatoka jua limesimama kichwani. Breki, kama kawaida, hazipimwi.

Na pazia halifunguki upesi. Lile turubai alilowekewa kwa sheria, sasa Mjomba analishusha mwenyewe, bila kuambiwa.

"Bwana Heri!" Mwenyekiti huita, viganja machoni. "Sura kidogo tu, ndugu yangu!"

"Hata sikio!" Tembo huongeza.

Mwezi uliopita honi zilinikuta ndani ya kibanda, nimekuja kutafuta mkasi. Taa ilikuwa imewashwa. Bibi alikuwa kwenye kigoda, amejivuta mbele, mikono magotini. Macho yake bado yanaondoka, polepole, kama mgeni aliyeaga zamani na bado amesimama mlangoni. Siku hizi shati pekee halitoshi, taa lazima isogezwe. Nje walikuwa wanapapasa ukuta na kuita. Mjomba, shati jeupe, alikuwa anafunga kifungo cha juu, na mdomoni hapakuwa na shazia. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Mjomba, kwa nini malori yakitoka unajificha?"

Akaisogeza taa karibu na uso wake, akasimama pale mama yake anapomwona vizuri, mikono imening'inia tu.

"Nani amejificha?" akasema. "Kuna mtu wa kuniona kwanza. Hao wengine waambie wapange foleni."